Ilifanya Kazi Kisii, Ikagoma Gesima

Tangu nilipokabidhi funguo za karakana, vijana mmekuwa mkinipigia simu na ombi lile lile: Mama Fundi, tuandikie mlivyokuwa mkifanya kazi zamani. Nimekwepa hadi nimechoka. Haya basi, kaeni. Mishahara sitaitaja kwa sababu haikuwa ya kutajwa, na vyeo vilikuwa vikipita mlangoni kwangu vikienda kwa wengine. Nitawaambia kuhusu mashine, kuhusu mtu aliyenifunza, na hasa kuhusu kompyuta moja ya Gesima ambayo nusura inifanye niache ufundi nikauze ndizi sokoni Daraja Mbili. Mazungumzo yetu mengi yalikuwa kwa Kikisii. Nimeyaandika kwa Kiswahili kwa kuwa nusu yenu mmetoka mbali na hata salamu yetu inawashinda.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini, mjini Kisii, katika duka la Kantibhai. Baba yake alikuwa fundi saa, na duka lilikuwa bado la saa, ila kadiri miaka ilivyokwenda lilikuwa limejaa vitu vingine: taipureta, redio, vikokotoo, na feni moja ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua, nasi tukaitumia bila aibu. Kantibhai alizaliwa hapo hapo mjini. Kikisii chake kilikuwa kizuri kuliko cha watoto wetu wengi. Wateja wageni walipomsengenya mbele yake, aliwaacha wamalize, kisha akawajibu kwa lugha hiyo hiyo na kuwatajia bei.

Siku ya kwanza hakunipa bisibisi. Alinipa brashi ya kupakia rangi na taipureta ya shule moja ya Nyamira, akaniambia nisafishe na nisiguse skrubu yoyote. "Bisibisi ni ya mtu ambaye ameshaangalia," alisema. Nilitoa humo makombo ya mandazi, mende wakavu, na jino la mtoto. Jino hilo liliingiaje, mpaka leo sijui. Nilisafisha siku nzima na nilipomaliza taipureta ikawa inafanya kazi, bila mimi kutengeneza chochote. Nilimkasirikia. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu kikiwa bado kinanuka wino, na nilikuwa nimekuja kutengeneza, sio kufagia.

Sheria yake nyingine, ambayo hakuwa na mzaha nayo, ilikuwa hii: kwanza saa. Saa yoyote ikiletwa, kabla hujaifungua, kabla hata hujamuuliza mwenyewe inaumwa nini, iweke sawa na saa kubwa ya ukutani. Hapo utajua inapoteza kiasi gani. Kompyuta zilipoanza kuingia mjini alifurahi kusikia kwamba nazo zina saa ndani, na sheria ikahamia huko. Kompyuta ikiwekwa mezani, unaichomeka kwenye umeme, unaiwasha, unaingia kwenye ule ukurasa mweusi wa mwanzo, unarekebisha tarehe na saa, ndipo unaanza kazi. Karibu zote zilikuja zikiwa na tarehe za ajabu, na hakuna aliyejali. Baada ya miaka kadhaa nilikuwa nafanya hivyo kama ninavyofanya ishara ya msalaba nikiingia kanisani. Mkono unakwenda wenyewe, na akili iko kwingine.

Shikeni hapo. Sasa twende Gesima.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini. Huko Gesima, katikati ya mashamba ya chai, kulikuwa na zahanati ndogo ya kanisa la Wasabato. Nesi wake aliitwa Bochaberi, mwanamke mnene, mpole, mwenye sauti ambayo haikupanda hata ukimkanyaga. Simu haikufika huko. Mgonjwa akizidiwa, mtu alikimbia mpaka Keroka kutafuta simu au gari, na mvua ya Gesima mnaijua. Basi wafadhili fulani wakawaletea redio ya masafa marefu, kisanduku kidogo cha modemu, na kompyuta ya mapajani iliyokwisha kutumika kwao. Unaandika ujumbe kwenye laptopu, modemu inaugeuza kuwa milio, redio inautuma hewani, na kule hospitali kubwa mjini Kisii, ambako duka letu lilinituma kutunza mitambo, ujumbe unatokea kwenye kioo. Hospitali inatuma ambulensi. Nyinyi mna Wi-Fi na Bluetooth zinazojipanga zenyewe na bado mnalia. Sisi tulifunga waya juu ya mkaratusi, tukaona miujiza.

Miujiza ilidumu miezi michache. Asubuhi moja Bochaberi aliingia dukani na laptopu ameifunga kwenye leso kama mtoto mgonjwa.

"Bwakire buya, Kerubo," alisema. "Hii kitu inaniambia hakuna modemu. Na modemu iko hapo mbele yangu, nimeishika kwa mkono."

Nikachomeka, nikawasha, nikarekebisha saa, nikaunganisha modemu yangu ya majaribio. Draiva, yaani ile programu ndogo inayoiambia kompyuta jinsi ya kuzungumza na kifaa, ilikuwepo kwenye orodha ya mashine, ila nikadhani imeharibika. Nikaiweka upya kutoka kwenye disketi. Mashine ikaniomba niizime na kuiwasha tena, nikafanya hivyo. Ikafanya kazi. Nikaiacha mezani ikiwa imechomekwa mpaka jioni nikiwasha na kuzima, haikukosea hata mara moja. Nikamrudishia Bochaberi na disketi juu, na nikajisikia fundi.

Wiki haikuisha. Bochaberi akarudi na leso yake.

"Ilifanya?"

"Haikufanya hata siku moja. Nilifika, nikawasha, ikasema hakuna modemu."

Nilimwonyesha. Kwenye meza yangu, modemu ilionekana, ikalia vizuri kabisa. Bochaberi aliitazama laptopu kama mtu anavyomtazama mtoto anayemlaumu mwalimu kila siku na mbele ya mwalimu ananyamaza.

Hapa lazima niwaambie kuhusu mfumo uliokuwa humo ndani, maana ndio ulioniotesha mvi za kwanza. Laptopu ilikuja na mfumo wa lugha ya huko kwa wafadhili, ambayo hakuna mtu Gesima aliyeisoma, na diski yake ilikuwa ndogo. Mzee wa kanisa, Mwalimu Nyakundi, aliyekuwa mwalimu wa hesabu kabla ya kustaafu na aliyejifunza kompyuta peke yake kwa vitabu, akatafuta nakala ya mfumo mwingine, ya magendo, isiyo na baba wala mama. Akaichonga. Alitoa michezo yote. Alitoa kurasa za msaada. Alitoa picha, sauti, na hata ile saa inayokaa pembeni ya kioo, ili wafanyakazi wasikae wakiihesabu. Alibakiza tu kilichohitajika kwa kuandika ujumbe na kuutuma. Kila nilipotafuta kitu mahali pake, hakikuwepo. Ilikuwa kama kupika katika jiko la mtu aliyehamisha vijiko vyote.

Kufuta kila kitu na kuanza upya sikuweza. Programu ya redio ilikuwa imefungwa kwa namba maalum na mhandisi aliyekwisha kurudi kwao, na ukiifuta, imekwenda. Kwa hiyo nilikuwa napapasa ndani ya nyumba ya Mwalimu Nyakundi. Kati ya mafaili ya kuwashia mashine nilikuta moja linaitwa NYAK. Sikulifungua. Kila anayechezea mfumo huacha jina lake mahali, mashine ikuamkie "karibu" na ikutajie bingwa aliyeifanyia kazi. Nilikwisha kuona majina ya namna hiyo mengi, nikaliruka.

Safari ya tatu nilienda mwenyewe. Nilishuka Keroka, nikapata pikapu iliyokuwa ikirudi na magunia matupu ya chai, nikafika Gesima ukungu bado haujainuka. Bochaberi alichomeka laptopu kwenye betri ya gari iliyokuwa ikichajiwa na jua, maana betri ya laptopu yenyewe ilikuwa imekufa zamani. Akawasha. Hakuna modemu. Nikatia disketi, nikaweka draiva, modemu ikaonekana, nikashusha pumzi. Mashine ikaniomba niizime na kuiwasha. Nikaizima. Nikaiwasha.

Hakuna modemu.

Nilirudia mpaka nikaona aibu. Nikabadilisha waya. Nikapangusa vidomo vya modemu vya kuingizia waya kwa spiriti. Nikalaumu unyevu, nikalaumu mtikisiko wa barabara, nikalaumu urefu wa mlima. Mungu anisamehe, nililaumu hata vidole vya Bochaberi, vilivyokuwa safi kuliko vyangu.

Kwenye benchi la wagonjwa alikaa mwanamke kijana, mjamzito, akinitazama. Alingoja niweke bisibisi chini.

"Imepona?" akauliza.

"Bado."

"Itapona kabla ya mwezi kuisha?"

Bochaberi ndiye aliyenieleza, baadaye, tukiwa nje. Aliitwa Kwamboka. Mtoto wake wa kwanza alifia njiani wakisubiri gari Keroka. Wa pili pia, akiwa amelazwa kwenye mkokoteni, mumewe akisukuma. Nyonga zake hazikupitisha mtoto. Alihitaji kupasuliwa, na kupasuliwa kulikuwa Kisii. Kwenda kukaa mjini kungoja siku hakuweza, hakuwa na mtu huko. "Nilimwambia safari hii hatatoka hapa kwa mkokoteni," Bochaberi alisema. "Nilimwambia tuko na redio. Nilimwahidi, Kerubo." Sauti yake haikupanda, na hilo lilinikosesha raha zaidi.

Nikaibeba laptopu mpaka Kisii. Nikaiweka mezani. Ikafanya kazi.

Nilisema maneno ambayo sitayaandika. Kantibhai alikuwa akikaza mkanda wa saa ya mteja na hakuinua macho. Aliningoja nimalize, kama alivyowangoja wale waliomsengenya.

"Mashine haijui Gesima ni wapi," alisema. "Iko kitu unafanya hapa na hufanyi kule."

"Nafanya kitu kile kile."

"Basi enda ufanye kule kila kitu unafanya hapa. Kwa mpango ule ule. Kama hapa huwa unapiga chafya, kule pia piga chafya."

Nilimwambia huo ni ushauri wa mtu asiye na haraka. Akakubali kwamba hana haraka.

Nilirudi Gesima nikiwa nimenuna. Nilifungua mkoba wangu, nikatandaza kitambaa kwenye meza ya Bochaberi, nikapanga vifaa kama vinavyokaa dukani: brashi kushoto, bisibisi kulia, pampu ya mpira ya kupulizia vumbi katikati. Kwamboka alikuwepo tena, na safari hii alikuwa mzito zaidi. Nikapiga brashi. Nikapuliza vumbi. Nikachomeka umeme, nikawasha, na mkono wangu, wenyewe, ukaingia kwenye ule ukurasa mweusi kurekebisha saa.

Mkono ukasimama. Huku sikuwahi kufanya hivi. Nilikuwa nakuja kutengeneza redio, na saa nilikuwa nimeshaiweka sawa Kisii.

Tarehe kwenye kioo ilikuwa siku ya kwanza ya Januari, mwaka tisini na nne.

Nikairekebisha. Nikaweka draiva. Nikazima, nikawasha. Modemu ikaonekana, ikalia. Bochaberi akapiga makofi mara moja, akajizuia. Nikachomoa waya wa umeme, nikauchomeka tena, nikawasha. Tarehe imerudi tisini na nne, modemu imepotea. Nikaweka tarehe ya leo. Modemu imerudi. Ile betri ndogo inayotunza saa ndani ya laptopu ilikuwa imekufa, na kila mashine ilipokosa umeme ilisahau leo ni lini ikarudi kwenye tarehe iliyozaliwa nayo. Dukani kwetu niliirekebisha kila mara kabla ya kitu kingine chochote, na haikuchomolewa mpaka iondoke. Sheria nzuri kuliko zote nilizofunzwa ndiyo iliyokuwa ikinificha ugonjwa.

Lakini draiva na tarehe vinahusiana vipi? Draiva haili kalenda. Ndipo nikakumbuka lile faili, nikalifungua.

Lilikuwa la mistari michache, imepangwa vizuri kama hesabu za ubaoni. Mashine inapowaka, uliza leo ni siku gani. Ikiwa ni Ijumaa na jua limetua, au ni Jumamosi, lichukue jina la draiva ya modemu na ulibadilishe, ili mashine isiione. Siku nyingine, rudisha jina. Na siku ya kwanza ya mwaka tisini na nne, nilihesabu kwa vidole na kuhakikisha kwenye kalenda ya Bochaberi ya zamani iliyokuwa imefunika meza ya dawa, ilikuwa Jumamosi.

Mashine ile, kila ilipopoteza fahamu, iliamka Sabato. Na Sabato ilipumzika.

Nilitaka kucheka, ila hasira ilikuwa imetangulia kufika. Safari zote zile, pesa ya nauli tusiitaje, na mvi zangu. Bochaberi alisoma mistari ile polepole, akaweka mkono mdomoni. Yeye hakuwahi kujua. Jumamosi alikuwa kanisani, laptopu imefungwa kabatini, na tangu redio ije hakuna mgonjwa aliyezidiwa siku hiyo. Betri ya saa isingekufa, tungekuja kujua siku ambayo isingesaidia tena kujua.

"Niifute," nikasema. Kidole kilikuwa tayari.

"Ngoja," Bochaberi akanishika mkono. "Mashine ni ya kanisa. Na hiyo aliandika mzee. Tumwite."

Mwalimu Nyakundi alikuja amevaa koti na gumboti, mrefu, mkavu, na miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilikuwa nimepanga maneno makali. Nilipomweleza, hakukana wala hakutikisika.

"Ni mimi," alisema. "Redio ilipokuja, vijana wa kwaya walikuwa wanakuja Sabato mchana kutuma salamu Kisii. Salamu na vichekesho. Nikaona badala ya kuwafukuza kila wiki, mashine ifunge yenyewe. Sikumwambia mtu, kwa sababu ukimwambia mtu, kijana atajua mahali pa kufungulia."

"Mwalimu, hii si redio ya salamu. Ni ya wagonjwa."

"Wewe ni Mkatoliki, Kerubo," alisema bila ubaya, kama anayesoma cheti changu. "Sikulaumu."

Nilimwambia mashine haina dini, na kama ina dini basi ni ya mtu anayelipa umeme. Bochaberi akanikonyeza ninyamaze. Yeye mwenyewe akamwambia kama anayemwambia baba, kwa sauti yake ile ile, "Tata, watoto wanazaliwa Sabato pia."

Mzee akalisoma tena faili lake. Mimi, ambaye sikujua kukaa kimya, nikapendekeza njia rahisi: akitokea mgonjwa Jumamosi, Bochaberi abadilishe tarehe ya mashine iwe Jumatatu, atume ujumbe, kisha airudishe. Nilijiona mjanja sana.

Mwalimu Nyakundi alivua miwani. "Kwa hiyo tumdanganye Mungu kwa saa," akasema. "Hapana. Hiyo ni mbaya kuliko kutuma."

Kwamboka alikuwa bado kwenye benchi. Alikuwa amesikia yote. Hakusimama, maana kusimama kulikuwa kazi.

"Tata," alimwambia, "huyu wa tumboni akichagua Sabato, mimi nifanye nini?"

Hakulia, hakumshutumu. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anavyouliza njia. Mzee alimtazama, akatazama laptopu, akavaa miwani yake na ikachukua muda kukaa sawa puani.

"Nitaomba," alisema, akatoka.

Nitaomba! Nilimtazama akishuka kati ya michai na nikawa na maneno ya kujaza karai. Nilimwambia Bochaberi nafuta sasa hivi, mzee akiomba akimaliza atakuta kumeshakuwa sawa. Akakataa. Alisema ukimfutia, ataandika tena na ataficha vizuri zaidi, na safari hiyo hata saa haitatuonyesha. "Aliyeweka atoe," alisema. Kwa hiyo nilibadilisha betri ya saa, nikaacha faili la NYAK mahali pake, na nikarudi Kisii nikiwa nimetengeneza mashine ambayo sasa ingefanya kazi siku zote isipokuwa ile moja ambayo sikuweza kuacha kuifikiria. Katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kuondoka kwenye mashine nikiwa na hasira kama siku ile. Kantibhai aliposikia kisa chote alicheka mpaka akatoa lensi jichoni. Mimi sikucheka. Nilimwambia sheria yake ya saa imenizeesha.

"Imekuzeesha na imekuonyesha," alisema. "Usichague moja."

Jumamosi mbili zilipita. Kila Jumamosi nilitafuta sababu ya kuwa kwenye ofisi ya redio pale hospitali. Mara printa inakwaruza, mara waya unahitaji kukazwa. Karani wa redio alidhani ninamtaka. Kila mara kioo kilikuwa kimya upande wa Gesima, na sikujua kama ni kimya cha amani au kimya cha kile kifaili.

Jumamosi ya tatu nilikuwa nimepiga magoti chini ya meza, kweli nikikaza waya, modemu ilipoanza kulia. Nilijigonga kichwa. Karani akasoma kwa sauti: gari lije Gesima upesi, mama ni Kwamboka, uchungu umeanza asubuhi, nesi hawezi kumwacha. Akashika simu ya ndani kumtafuta dereva wa ambulensi. Sikungoja kusikia kama amempata. Nilikimbia mwenyewe mpaka kwenye maegesho, na mwanamke mwenye bisibisi mkononi akikimbia watu humpisha. Dereva alikuwa anakunywa chai. Aliiacha.

Walirudi alasiri. Nilikuwa kwenye korido walipompitisha, uso umekunjamana, Bochaberi akitembea kando ya machela akiwa amemshika mkono, bado amevaa nguo zake za kanisani na aproni juu. Hakuniona. Mlango wa chumba cha upasuaji ukafungwa, nami nikakaa kwenye benchi na bisibisi mfukoni, mtu asiye na kazi yoyote pale. Jua lilikuwa linaelekea kuzama Bochaberi alipotoka.

"Msichana," alisema. "Wote wako hai." Halafu akakaa karibu nami, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sauti yake ilipanda, akalia kama mtoto.

Alipotulia nikamuuliza nililokuwa nikijiuliza mchana kutwa. Ujumbe ulipitaje? Alinieleza kwamba alimtuma mtu mbio mpaka kanisani, mahubiri yakiendelea. Mwalimu Nyakundi alitoka katikati ya mahubiri na Biblia kwapani. Yeye alikuwa ndani na Kwamboka, hakuona alichofanya kwenye mashine. Alimsikia tu akigonga vitufe, akizima, akiwasha, kisha akigonga tena kwa kidole kimoja, polepole, kama anayeandika ubaoni.

Nilirudi ofisi ya redio kuchukua mkoba wangu. Karani alikuwa ameondoka, kioo kilikuwa bado kinawaka na ujumbe ule uko juu yake. Nilitazama kwanza saa, mnajua kwa nini. Kila ujumbe ulikuja na tarehe ya mashine iliyoutuma, na nilitarajia kuona Jumatatu. Mzee angeweza kunisikiliza, angebadilisha tarehe kama nilivyomshauri, asingelaumiwa na mtu. Kioo kilisema Jumamosi, na dakika zake zilikuwa sawa na za ukutani. Aliyeweka alikuwa ametoa.

Nikashuka mpaka chini ya ujumbe. Alikuwa ameweka jina lake, herufi nne kubwa, NYAK, na safari hii sikuliruka.